Jino la kuzibika likang'olewa kwa kukosa pesa: tupeane uzoefu

Mama Binti
Wakuu, habari za jioni. Leo nimempeleka binti yangu wa miaka 11 hospitali ya wilaya, gego la chini. Daktari kasema linazibika kabisa, ila mashine ya kuziba ni mbovu tangu mwaka jana, twende mkoani. Nikapiga hesabu pale pale kwenye benchi: nauli ya watu wawili, malipo, siku nzima bila kufungua genge. Nikasema ng'oa. Na ni gego la ukubwani, halioti tena. Amerudi nalo kwenye kipande cha pamba, akicheka anaziba mdomo. Nimeumia sana. Wenzangu mlifanyaje? Bima ilifika wapi?

Mwalimu wa Singida
Pole dada. Mimi mtumishi, NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, nakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3. Langu lilizibwa, sikutoa hata mia. Jirani yangu anauza mkaa, jino kama langu, yeye aling'oa.

Fundi Seremala
Mimi nilivumilia miezi mitano. Maji ya chumvi, mafuta ya karafuu, vidonge vya dukani. Nikaamka siku moja shavu limevimba mpaka jicho limefumba, mate hayamezeki. Nikalazwa siku nne, jipu likapasuliwa, 210,000 ikaenda. Kadi ya CHF, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu 6, mwaka mzima, nami nilikuwa naiahirisha kila msimu. Ndugu zangu, uvimbe wa jino ukishuka shingoni unaua. Msingoje.

Mbongo Leicester
Huku Uingereza mtoto chini ya miaka 18 hatozwi, wala mjamzito. Mtu mzima anachangia. Mwaka 2024 kuziba ilikuwa pauni 73.50. Ugomvi wa kuchangia ni wa zamani: Aneurin Bevan, aliyeanzisha NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, alijiuzulu uwaziri mwaka 1951 kwa sababu ya malipo ya meno ya bandia na miwani. Shida yangu ilikuwa nafasi. Kliniki sita nilizopigia hazikuwa zikipokea wagonjwa wapya wa serikali.

Tabibu wa Meno
Nasema kama mtu wa ndani. Kung'oa kunataka ganzi, koleo na mkono. Kuziba kunataka kiti, umeme, kompresa, drili na dawa ya kuzibia, na kimoja kikikosekana kazi imesimama. Bajeti ikibana, kinachobaki ni koleo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023. Kilio changu ni kwamba kadi ikute kiti kinachofanya kazi.
Mama Binti, gego la pili huota karibu na miaka 12. Likitokeza tu mpeleke likaguliwe, vile vijishimo vya juu vizibwe kabla halijatoboka.

Mama Binti
Asante sana daktari. Nimemmulika na tochi ya simu sasa hivi, kuna ncha nyeupe ya jino nyuma upande wa kushoto. Jumamosi genge nafunga, tunaenda mkoani.