Jukwaa moja la mafuta lilistahimili wimbi la mita 25.6, jingine likavunjika katika mawimbi ya mita 8: ni kwa nini?

Mwanafunzi_wa_Ngara:

Habari zenu wadau. Ninasomea uhandisi wa ujenzi hapa Nairobi, na kuna mambo mawili kuhusu majukwaa ya mafuta na gesi ya Bahari ya Kaskazini ambayo nimeshindwa kuyapatanisha. Tarehe 1 Januari 1995, kipimo cha leza kwenye jukwaa la Draupner, katika maji ya Norway, kilirekodi wimbi lenye kimo cha mita 25.6, na jukwaa likapata madhara madogo tu. Lakini tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la Alexander L. Kielland, lililokuwa makazi ya wafanyakazi katika eneo la Ekofisk, lilipoteza nguzo moja na kupinduka katika mawimbi ya mita 6 hadi 8, na watu 123 kati ya 212 wakapoteza maisha. Ikiwa mhandisi anasanifu kwa kuzingatia wimbi kubwa linalotarajiwa mara moja katika miaka 100, iweje wimbi dogo lifanye lile ambalo kubwa halikuweza? Na je, haya yanatuhusu sisi wa Afrika Mashariki, ambao bahari yetu haina dhoruba za namna hiyo?

Mkaguzi_wa_Matangi:

Ndugu, Kielland haikuvunjwa na wimbi la jioni ile. Ilianza kuvunjika tangu ilipokuwa ikiundwa.

Jukwaa lile lilielea juu ya nguzo tano zilizokazwa pamoja kwa mabomba manene ya chuma. Katika bomba mojawapo, lililopewa alama ya D-6, waundaji walitoboa tundu na kulehemu kishikizo cha chombo cha kunasia sauti majini. Kishikizo hicho hakikubeba uzito wowote wa jukwaa, kwa hiyo kililehemewa kama kitu cha pembeni, kwa mshono mwembamba wa milimita 6. Wachunguzi walipokiokoa chuma kile walikuta rangi ndani ya ufa, yaani ufa ulikuwapo kabla ya bomba kupakwa rangi. Mawimbi ya kawaida yakaurefusha taratibu kulizunguka bomba kwa takriban miaka minne, mpaka chuma kilichosalia kikashindwa. D-6 ilipokatika, mabomba mengine yaliyoishika nguzo ile yalielemewa na kukatika moja baada ya jingine, nguzo ikang'oka.

Piga hesabu mwenyewe. Wimbi moja likipita kila sekunde 10, kwa mwaka yanapita zaidi ya milioni 3, na kila moja linauvuta na kuuachia mshono, jinsi mtu anavyokunja na kukunjua waya hadi ukatike. Kanuni tunayoitumia kwa mishono ya kulehemu ni kwamba msongo (nguvu inayobebwa na kila kipande kidogo cha eneo la chuma) ukiongezeka maradufu, idadi ya mizunguko ambayo mshono unaweza kuvumilia hushuka hadi thumuni yake. Maji ya chumvi huharakisha zaidi, kwa sababu kutu huupa ufa mahali pa kuanzia.

Mimi hukagua matangi ya mafuta ya nchi kavu, na hadi leo ninawakuta mafundi wakilehemu kipande cha kushikia kebo au kibao cha jina ukutani mwa tangi bila mchoro wala kibali, kwa hoja kwamba hakibebi kitu. Hoja hiyo hunikera sana, kwa maana chuma hakijui kipande kipi ni muhimu na kipi si muhimu. Kinajua tu mahali msongo unapokusanyika.

Mwanafunzi_wa_Ngara:

Asante sana, mkuu. Basi kwa nini wasiongeze unene wa chuma ili msongo upungue?

Mwalimu_wa_Miundo:

Huongezwa, ila kwa kiasi. Jukwaa linaloelea likizidi uzito hupunguza mzigo linaoweza kubeba, tena mshono wa bamba nene huchoka upesi kuliko wa bamba jembamba ukiwa chini ya msongo uleule. Faida kubwa zaidi hupatikana kwa kusaga ukingo wa mshono uwe laini na kwa kupanga mabomba ili moja likikatika mengine yaweze kuushika mzigo. Kielland ilikosa hilo la mwisho, na kwangu mimi ndilo kosa kubwa kuliko ule mshono.

Kuhusu Draupner, jukwaa lile halielei, bali limesimama kwa fremu ya mabomba katika maji ya kina cha mita 70 hivi. Wimbi hupita katikati ya mabomba, na hatari kubwa huja pale maji yanapoipiga sitaha, ndiyo maana sitaha huinuliwa juu ya kilele kinachotarajiwa. Kilele cha siku ile kilifika mita 18.5 juu ya usawa wa maji. Zingatia pia mwendo wa asili wa muundo: fremu ya namna hiyo hutikisika kwa kipindi, yaani muda wa mtikisiko mmoja kamili, cha chini ya sekunde 5, ilhali jukwaa la kuelea kwa nguzo husanifiwa lipande na kushuka kwa zaidi ya sekunde 20, ili yote mawili yawe nje ya kipindi cha mawimbi makubwa ya dhoruba, kwa maana vipindi vikilingana mtikisiko hukua.

Mzawa_wa_Lamu:

Nijibu la mwambao. Kenya haijazalisha chochote baharini, na kisima cha Mbawa cha mwaka 2012 kilipata gesi isiyotosha biashara. Hata hivyo majirani zetu wa Msumbiji wana Coral Sul, meli ya kugeuza gesi kuwa kimiminika, yenye urefu wa mita 432, iliyotia nanga katika kina cha mita 2,000 na kutoa shehena yake ya kwanza Novemba 2022. Meli ya namna hiyo haiendi gatini kukarabatiwa, kwa hiyo kila mnyororo wake unapaswa kuvumilia kusi na kaskazi mahali palepale.

Usidhani bahari tulivu inatosha kutulinda. Katika eneo la Girassol, Angola, ambako dhoruba ni chache, minyororo ya boya la kupakilia mafuta ilikatika mwaka 2002, miezi minane tu baada ya kufungwa. Minyororo ilikuwa imekazwa mno, pete za juu zikabanana na kushindwa kujiviringisha, hivyo kila boya lilipoyumba kidogo pete hizo zilipindwa badala ya kugeuka. Hesabu za usanifu zilikuwa zimeangalia kuvutwa kwa mnyororo peke yake, si kupindwa kwa pete. Siku hizi kupinda huko hukadiriwa kabla ya mnyororo kuagizwa, na ukitafuta mada ya mradi wako wa mwaka wa mwisho, ningekushauri uanzie kwenye pete hizo.