Mjadala: Moduli za kozi ya dagaa mtandaoni zifungwe au ziachwe wazi?

Mleta mada, Nyegezi
Wakuu, habari zenu. Inapendekezwa kozi ya kuchakata dagaa, ya kusomwa kwa simu, yenye moduli (sehemu za masomo) 8, kwa wachakataji wa Igombe, Kayenze na Ukerewe. Wengine wanataka kila moduli ifungwe hadi mtu apate alama 80 kwenye maswali ya moduli iliyotangulia. Wengine wanataka zote ziwe wazi tangu siku ya kwanza. Fedha ni za umma, semeni.

Mwalimu wa ufundi, Mwanza mjini
Zifungwe. Dagaa akifungashwa kabla hajakauka sawasawa huota ukungu ndani ya mfuko. Anayerukia moduli ya kufungasha bila kupita ile ya kukausha atafunga vizuri kabisa mzigo utakaooza.

Mwandaa kozi, Kirumba
Mwalimu, kwa heshima, mpangilio ni jambo moja na kufuli ni jingine. Andika kwanza kazi ambayo mtu ataifanya mwishoni, kisha maswali ya kuipima, halafu ndipo masomo. Ukifanya hivyo utaona katika hizo 8 ni mbili tu zinazotegemeana kweli: kukausha na kufungasha. Bei, mizani na kumbukumbu za mauzo hazimsubiri mtu. Mama aliyekwisha kuwa na chanja ya kuanikia dagaa, usawa wa kiuno, ana haja gani ya kupita tena "Utangulizi"? Na majina yawe ya kazi: "Kutandaza dagaa kwenye chanja", si "Wiki ya 3". Ukihamisha somo, namba za wiki zinavurugika kote.

Afisa ugani, Ukerewe
Wiki zenyewe ndizo tatizo kubwa kuliko kufuli. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, boti hukaa ufukweni na wachakataji hupata nafasi. Giza likirudi, alfajiri yote ni kazi. Mkiweka tarehe ya mwisho kila Ijumaa, wachakataji hodari ndio watakaofungiwa nje. Panga moduli 2 kwa kila mzunguko wa mwezi, yaani kama siku 29 na nusu.

Fundi wa mifumo, Buzuruga
Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, inaruhusu sharti kwa kila moduli peke yake, kwa hiyo hakuna haja ya kufunga zote. Ila msifungie kwenye "ametazama video". Video ikitumwa WhatsApp, mfumo hauoni kama imetazamwa, na mtu anakwama huku somo analijua. Msifungie pia kwenye jibu la kusahihishwa kwa mkono: mwezeshaji akichelewa siku 4, kozi nzima imesimama. Halafu bando. Video ya dakika 5 kwa kilobiti 500 kwa sekunde ni karibu MB 19. Sauti tupu kwa kilobiti 32 ni MB 1.2. Kwa somo la bei, sauti inatosha. Kutandaza kunahitaji video, kwa sababu tabaka likiwa nene, la chini halikauki, na hilo lazima lionekane kwa macho.

Mwandaa kozi, Kirumba
Basi kufuli moja, mlangoni pa kufungasha. Maswali 5, na baada ya kukosa mara 3 ijifungue yenyewe.

Mwalimu wa ufundi, Mwanza mjini
Kufuli moja nakubali. Kujifungua, hapana, maana alama 80 zitakuwa hazina kazi. Aliyekosa mara 3 apigiwe simu, aulizwe maswali yale yale kwa mdomo. Huenda anajua kukausha, ila maandishi ndiyo yanampiga chenga. Akijibu, mwezeshaji amfungulie.

Afisa ugani, Ukerewe
Sawa, mradi simu hiyo ipigwe kabla giza halijarudi.