Tupeane uzoefu: mtoto anayetoka mabaka ya mwasho na kuvimba, chanzo hakijulikani

Wakuu, mada hii ni ya wenye mtoto ambaye leo mdomo umevimba, kesho kope, keshokutwa mabaka mwili mzima, na vipimo vyote vinarudi safi. Wenye ujuzi mwageni. "Mpe Piriton" tumeshaisikia.

Mkunazi: Kabla ya kusaka alichokula, jueni baka moja linakaa muda gani. Lizungushie wino wa kalamu, andika saa pembeni. Mabaka ya mzio huhama: baada ya saa chache ulilozungushia limefifia, mengine yameibuka mgongoni. Kila moja huondoka ndani ya saa 24 bila kuacha alama. Likiganda mahali pamoja zaidi ya saa hizo, likiuma kuliko kuwasha, au likiacha weusi kama wa kipigo, daktari aangalie mishipa midogo ya damu. Uvimbe wa mdomo na kope ndio unaweza kwenda hadi siku tatu. Na pigeni picha, maana mkifika kliniki ngozi itakuwa laini kama haijawahi kuumwa.

Tochi ya Usiku: Vipele vigumu vyenye kitobo katikati, vinavyokaa wiki nzima miguuni na mikononi, ni habari nyingine. Hapo mara nyingi ngozi inakataa mate ya viroboto, mbu au kunguni. Mulika mishono ya godoro na nyufa za kitanda usiku. Kunguni wakibaki, hakuna dawa ya maji ya kunywa itakayotosha.

Swali: Kwa hiyo mayai, maziwa, karanga na samaki vyote nimwachishe?

Mkunazi: Usimkondeshe mtoto bure, ndugu yangu. Mzio wa chakula kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili, na hurudi kila akila kitu kile kile. Kama jana alikula yai salama na leo kavimba, yai si mshitakiwa wa kwanza. Kwa watoto, kichochezi kinachoongoza ni virusi: mafua, homa, kuharisha. Mabaka yanaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya mafua kupona. Yakipita wiki sita yanaitwa sugu, na hapo mara nyingi hakuna chakula chochote cha kulaumu. Angalieni pia ibuprofen na diclofenac mnazompa kwa homa. Huzidisha mabaka kwa baadhi ya watoto.

Mvuvi wa Nchi Kavu: Wa pwani, msisahau vibua na jodari waliokaa juani. Histamini, kemikali ile ile inayoleta mwasho na uvimbe wa mzio, hujijenga kwenye nyama ya samaki, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Dalili yake ni kwamba walaji kadhaa wa sahani ile wanakuwa wekundu usoni kwa pamoja, si mtoto peke yake.

Kaunta ya Dawa: Cetirizine ya maji, dawa ya mzio, huwa na miligramu 5 kwa mililita 5, soma chupa kwanza. Miaka 2 hadi 5: mililita 2.5 asubuhi na jioni. Miaka 6 hadi 11: mililita 5 asubuhi na jioni. Mwenye tatizo la figo apangiwe na daktari. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai havilingani. Kosa linaloonekana sana ni kumpa siku ya kuwashwa tu. Kwa mabaka sugu hutolewa kila siku, hata ngozi ikiwa safi, kwa muda aliopanga daktari. Piriton huisha nguvu baada ya saa 4 hadi 6 na mtoto anasinzia darasani. Prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, hufuta mabaka haraka, na yakirudi mzazi anarudi dukani kuiomba tena. Msiifanye mazoea, hudumaza kimo.

Zamu ya Asubuhi: Wale ambao uso huvimba kila asubuhi, hauwashi, hauna mabaka, na mkojo una povu: acheni habari za aleji, mpelekeni akapimwe protini kwenye mkojo. Kipimo ni kijiti tu, jibu ndani ya dakika chache. Ugonjwa wa figo hutibiwa kama mzio kwa wiki nyingi kabla mtu hajafikiria chupa ya mkojo.

Na uvimbe usiowasha unaokuja na maumivu makali ya tumbo, huku kwenye ukoo yupo mwingine anayevimba hivyo hivyo, ombeni kipimo cha damu cha C4, protini ya kinga ya mwili. Aina hiyo ya kurithi haisikii cetirizine wala prednisolone.

Swali: Na usiku wa manane, lini nikimbie hospitali?

Zamu ya Asubuhi: Ulimi ukivimba, sauti ikikwaruza, akipumua kwa mlio, akitapika mfululizo au akilegea. Mlaze, inua miguu. Akihema kwa shida aketi, lakini asitembezwe. Mkifika mtaje mara moja kwamba anashindwa kupumua. Dawa ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Piriton haifungui koo, kwa hiyo msikae nyumbani kungoja ifanye kazi.