Upele kwa watoto: BBE au permetrini?

Mleta mada, Manzese:
Ndugu zangu, mwanangu wa miaka minne alishikwa na upele, vipele katikati ya vidole, usiku halali. Duka la dawa nikapewa chupa ya BBE (benzili benzoeti), ile losheni nyeupe ya upele. Nilipogusa tu mgongo, ambao alishaukuna hadi kutoa damu, akaruka: "Mama, inaunguza!" Nusu saa haikufika nikamwogesha. Kumbe dawa ile hukaa mwilini saa 24. Kumbe pia ile ya 25% ni ya mtu mzima. Ya mtoto wa umri wake huchanganywa na maji sawa kwa sawa. Aliyeniuzia hakusema.

Hoja yangu: watoto waanze na krimu ya permetrini 5%. Haichomi vile, inapakwa jioni na kuoshwa asubuhi, inarudiwa baada ya wiki moja au mbili. Hata mtoto wa miezi miwili anapakwa.

Mchangiaji, Mbagala:
Pole dada. Ila sisi tuko saba, chumba na sebule. Tyubu ya gramu 30 inamtosha mtu mzima mmoja, mara moja. Nitanunua ngapi? Na ukimpaka mtoto peke yake mnayelala naye godoro moja, hela imepotea. Anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa na utitiri, vile vijidudu vinavyoleta upele, wiki nne hadi sita kabla hajaanza kuwashwa. BBE iendelee, ila nyumba nzima ipakwe siku moja, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo.

Mleta mada:
Kaka, la nyumba nzima nakubali. Sisi wengine hatukupaka, nayo ilikuwa kosa langu. Basi wakubwa tupake BBE, tyubu ibaki kwa watoto. Mwenye vidonda kama wa kwangu simrudishii chupa ile. Na wanaosema permetrini haifanyi kazi, wajue kuwashwa huendelea wiki kadhaa hata utitiri ukishakufa.

Chawa ni habari nyingine: permetrini yao ni 1%, dakika 10 kichwani, kisha irudiwe siku ya tisa kwa sababu ya mayai. Wanaopaka watoto mafuta ya taa waache jamani, yanashika moto.

Wauza dawa mliomo humu, nijibuni: kwa nini chupa ya 25% inatoka dukani bila mtu kuuliza mgonjwa ana umri gani?