Naomba ushauri: programu tatu, kijiji kimoja

Ndugu wanachama, habari za kazi. Naratibu ushirikiano wa programu tatu katika shirika la kimataifa la amani na haki: wanawake (Azimio 1325 la Umoja wa Mataifa, mwaka 2000), vijana (Azimio 2250, mwaka 2015) na migogoro ya ardhi. Zote ziko Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini kila moja ina mfadhili na fomu zake. Wanakijiji wamechoka kuulizwa maswali yaleyale, na hilo linaniuma sana. Nimejaribu vikao vya pamoja. Tunakubaliana, kisha kila mtu anarudi kwenye malengo ya mfadhili wake. Wakuu wa programu hawako chini yangu, siwezi kuwaamuru.

Je, waliofanikiwa walianzia kwenye bajeti ya pamoja au ziara za pamoja vijijini? Na mfadhili anashawishiwaje akubali matokeo yaliyopatikana kwa ushirikiano?