Naomba ushauri: kubadilishwa lenzi za macho nikiwa na miaka 51

Wadau, habari zenu. Nashona nguo Kariokor, na tangu utotoni sioni mbali. Miwani yangu ni ya hasi saba. Siku hizi hata karibu kumegoma. Kutunga uzi lazima nivue miwani na kuleta sindano hadi puani, na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi ndio balaa.

Daktari anasema kurekebishwa macho kwa leza hakutazuia lenzi ya ndani ya jicho kuendelea kukakamaa, na huko kukakamaa ndiko kunakoninyima kuona karibu. Anapendekeza anitolee lenzi zangu aniwekee za bandia, upasuaji uleule wa mtoto wa jicho, ingawa mtoto wa jicho sina. Faida yake, hata uzeeni mtoto wa jicho hatanipata.

Lakini lenzi ikishatolewa, imetolewa. Tena sisi wenye macho ya namna hii tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kubanduka baadaye. Na zile lenzi za kuona mbali na karibu pamoja zinaweza kuleta miduara kuzunguka taa usiku. Mimi hurudi nyumbani kwa gari kupitia Thika Road giza likishaingia, na mnazijua taa za matatu. Za umbali mmoja ni nafuu kwa hilo, ila miwani ya kazi itabaki.

Kuna aliyefanyiwa kwa umri huu? Usiku unaonaje? Na kuhusu retina, nimuulize daktari nini kabla sijakubali? Wa kunishauri nile karoti, asanteni, mama mkwe amewatangulia.