Nisimamishe waraka wa michezo hadi masika yaishe ili niupange upya, au nirekebishe huku nikiendelea?

Mtunza Daftari, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa waliowahi kufanya kazi kama hii.

Tangu Disemba 2017, wiki ile Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walipofika fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, kule Machakos na kushindwa na Kenya kwa penalti baada ya sare ya mabao 2–2, nimekuwa nikiandika kila Jumamosi usiku waraka wa kurasa mbili kuhusu michezo ya ridhaa ya hapa Wete, Pemba, na vijiji vya jirani. Nautoa fotokopi, nakala moja naibandika kwenye ubao wa maskani yetu, nyingine nawapa madereva wa gari za abiria waziache Konde na Micheweni, na picha yake huzunguka kwenye simu za watu. Sina mfadhili. Nasomesha skuli, na kazi hii naifanya kwa sababu naipenda na kwa sababu sijamuona mwengine anayeandika kwamba kijana fulani wa daraja la chini alifunga mabao manne kwenye kiwanja ambacho kona yake moja ina mnazi.

Sasa waraka umenizidi nguvu. Msimu uliopita nilimpa mabao mawili mchezaji ambaye hakuwapo kiwanjani. Wapo vijana wawili wenye jina moja na baba zao wenye jina moja, mmoja anacheza beki na mwengine mbele, nami niliandika majina mawili tu bila ya jina la babu. Jumapili baada ya sala ya Isha mzee mmoja alinijia barazani akiwa ameukunja waraka mara nne mfukoni mwa kanzu, akaufungua taratibu juu ya goti lake, akaniambia: "Mwanangu siku hiyo alikuwa kitandani na homa. Aliyefunga ni huyu wa nyumba ya pili, na tangu jana hataki kumsalimia mwanangu." Hakunigombeza. Ningeona afadhali angenigombeza.

Lipo na la Januari 2025. Kombe la Mapinduzi lilipochezwa Gombani kwa timu za taifa, nilikuwa nakwenda Chake kila nilipopata nafasi, na siku Heroes walipoifunga Burkina Faso 2–1 kwenye fainali nililia kama mtoto. Lakini katika siku hizo niliziacha mechi za vijana wetu bila ya mtu wa kuziandika, na hadi leo ule ukurasa wa daftari ni mweupe. Msimamo wa ligi niliouchapisha mwezi uliofuata ulikuwa wa kukisia, na nimeona haya kuusema mpaka leo.

Ninayo madaftari manane makubwa ya kaunta. Nataka kuyaingiza yote kwenye jedwali la kompyuta, nibadilishe mpangilio wa waraka, na niongeze michezo niliyoipuuza. Siwezi kuyafanya hayo huku kila Jumamosi nikikimbizana na matokeo. Nafikiria kusimama tangu mwanzo wa Ramadhani hadi masika yaishe. Je, nisimame kabisa? Na nikisimama, nianze kurekebisha wapi?

Refa Mstaafu, Chake Chake

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimechezesha mpira kisiwani hapa kwa miaka mingi, na kabla ya kuzungumzia kupumzika nataka utenganishe kazi mbili ambazo umezifunga pamoja kama mzigo mmoja wa kuni. Kuandika ni kazi moja, na kukusanya matokeo ni kazi nyengine. Makala ya mechi ya leo unaweza kuiandika hata baada ya miezi minne, kwa sababu waliokuwepo wanakumbuka namna mchezo ulivyokwenda na watakuhadithia. Lakini nani alifunga, dakika ya ngapi, na nani alitolewa kwa kadi nyekundu, hayo yasipoandikwa wiki ile ile huingia kwenye mabishano ya barazani na hayatoki tena. Ukurasa wako mweupe wa Januari ndio ushahidi. Kwa hiyo simama kuandika, usisimame kukusanya.

Wakati uliouchagua ni mzuri, na pengine ni mzuri kuliko ulivyofikiria. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa miladi. Miaka hii imeangukia Februari na Machi, na masika yanaifuata mara moja hadi Mei. Mchana wa mfungo vijana hawachezi mechi za kushindana, usiku baada ya tarawehe watu wamo kwenye dhumna na karata, kisha mvua zinakuja na viwanja vya bondeni vinageuka madimbwi. Utapata karibu miezi mitatu ambayo mechi ni chache kwa hali yoyote. Miaka michache ijayo Ramadhani itakuwa imerudi hadi Disemba na vipindi hivi viwili havitagusana tena. Yupo atakayekushauri usubiri msimu wa karafuu, kwa sababu vijana wengi wamo juu ya mikarafuu na timu zinacheza pungufu. Usimsikilize. Wakati wa karafuu mechi huahirishwa na kurudiwa, matokeo yanavurugika, na huo ndio wakati daftari linapohitaji mwenyewe.

Sasa kuhusu majina. Andika majina matatu na shehia ya mchezaji, bila ya kumsamehe yeyote, hata yule unayemjua tangu mdogo. Hapa kwetu jina la mtu na la baba yake havitoshi, na hilo umeshaliona. Kisha kwenye jedwali lako weka safu moja inayosema habari umeipata wapi: umeona mwenyewe, umepewa na refa, au umeambiwa na nahodha. Sheria ya 5 kati ya zile 17 za mpira wa miguu inasema kuwa uamuzi wa refa kuhusu mambo ya mchezo, pamoja na bao kukubaliwa au kukataliwa na matokeo ya mechi, ni wa mwisho. Hivyo matokeo yachukue kwa refa, usiyachukue kwa shabiki aliyekuwa nyuma ya goli. Lakini jina la mfungaji muulize refa na manahodha wote wawili, maana refa anatazama kama mpira umevuka mstari na mara nyingi hakuona umemgusa nani mwisho. Mimi mwenyewe nimewahi kutoka kiwanjani nikijua idadi ya mabao bila ya kujua nusu ya wafungaji.

Mechi iliyovunjika kwa giza au kwa mvua iandike kuwa imevunjika, pamoja na dakika iliyofikia na mabao ya wakati huo. Usiihesabu kwenye msimamo hadi kamati iamue.

Mkaazi wa Mkoani

Naheshimu maneno ya mzee, lakini mimi nasema asimame kabisa. Mtu aliyechoka hukusanya vibaya pia, na bao alilopewa mgonjwa wa homa liliandikwa na mtu ambaye hakuwa amesimama. Akiendelea kupigiwa simu kila Jumamosi jioni kuulizwa na kuambiwa, atakuwa hajapumzika, atakuwa amejinyima raha ya kuandika tu akabakiwa na mzigo. Kama matokeo lazima yakusanywe, basi yakusanywe na mtu mwengine.

Ila nimpe tahadhari moja kutokana na yaliyonikuta. Niliwahi kuandika habari za resi za ngalawa na baiskeli za huku kusini, nikasema napumzika "kidogo". Sikutaja siku ya kurudi. Mwezi ukawa miezi sita, na niliporudi manahodha walikuwa wameshazoea kutonipigia. Ilinichukua mwaka mzima kuwarudisha, na wawili hawakurudi. Taja tarehe, uiandike kwa herufi kubwa juu ya ubao.

Mama wa Timu ya Nage, Unguja

Kaka yangu, hongera kwa kazi na pole kwa uchovu. Umesema utaongeza michezo uliyoipuuza, lakini hukuitaja, nami nitakusaidia kuitaja: nage ya wasichana (mchezo wa kurushiana mpira), netiboli za skuli, mchezo wa bao la kete, na mchezo wa ng'ombe ambao watalii wanakuja Pemba kuutazama na sisi wenyewe hatuna orodha ya ng'ombe waliotamba mwaka juzi. Naomba usiyaweke haya chini kabisa ya ukurasa wa pili pale ambapo fotokopi hufifia. Wasichana wetu wanaona, na wanajua nafasi yao kwenye karatasi ina maana gani.

Tumia miezi hiyo kwenda kukaa na walimu wa netiboli na viongozi wa timu za nage, upate majina na jinsi wanavyohesabu ushindi, kwa sababu ukianza kuandika kwa maneno ya mpira wa miguu utawachekesha. Na kabla ya kumpiga picha msichana na kuisambaza, muombe mzazi wake ruhusa. Mwengine atakubali jina liandikwe na picha isitoke, na hilo liheshimu.

Kuhusu kusimama, namuunga mkono ndugu wa Mkoani, lakini na mzee pia ana haki, kwa sababu kwetu Zanzibar kumbukumbu hizi zisipowekwa na sisi hazitawekwa na mtu. Sisi si wanachama wa FIFA. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilitupa uanachama kamili Machi 2017 na ikauondoa Julai mwaka huo huo. Hata mechi za Heroes hazihesabiwi kwenye orodha ya ubora ya dunia, seuze mechi ya daraja la pili Wete. Wapo watu wa kujitolea wa RSSSF, wanaohifadhi takwimu za mpira duniani, walioanza kazi yao Januari 1994, ambao wamejaribu kuorodhesha mabingwa wa nchi nyingi, na Zanzibar imo. Lakini wao hutegemea kinachowafikia, na kinatoka kwenye madaftari kama yako manane.

Mtunza Daftari, Wete

Nawashukuru nyote, na mzee wangu wa Chake, shikamoo.

Nimeamua hivi. Nasimama kuandika kuanzia usiku wa mwandamo wa Ramadhani, na waraka utarudi Jumamosi ya kwanza ya Juni. Tarehe hiyo nimeshaiandika kwa chaki nyeupe juu ya ubao, na chini yake nimeomba radhi kwa msimamo wa kukisia wa mwaka jana, kwa maneno yaliyo wazi. Kukusanya nimewakabidhi wanafunzi wangu wawili wa kidato cha tatu, mvulana na msichana, wenye hati nzuri kuliko yangu. Nimewapa daftari jipya nililolipiga mistari mwenyewe: tarehe, kiwanja, timu, wafungaji kwa majina matatu na shehia, dakika, jina la refa, na habari imetoka kwa nani. Nimewaambia wasinipigie simu Jumamosi. Nitalisoma daftari mara moja kwa mwezi.

Dada wa Unguja, nimepokea. Nage itaingia ukurasa wa kwanza, na wiki ijayo naanza kwenda viwanjani kwao kujifunza hesabu zao kabla sijaandika neno. Mchezo wa ng'ombe nitauacha hadi mwakani kwa kuwa siujui vya kutosha, na sitaki kurudia kosa la kuandika nisichokiona.

Madaftari nimeanza kuyaingiza kwenye kompyuta tangu juzi. La 2018 limeliwa na mchwa kwenye pembe, lakini majina yanasomeka. Nimegundua kuwa kwenye kurasa kumi za mwanzo pekee yapo majina mawili ambayo bila shaka ni mtu mmoja, na jina moja ambalo ni watu wawili. Nimemfuata yule mzee aliyekuja na waraka mfukoni, akakaa nami alasiri nzima akinitajia mababu.

Aliyekuwepo kwenye mechi za vijana za Wete na Micheweni kati ya tarehe 3 na 13 Januari 2025, hasa marefa na manahodha, namuomba aje na alichonacho, hata kama ni picha ya ubao wa matokeo kwenye simu yake.